Mkono wa Gia Unasingiziwa

Mtu akinunua gari la misuli la Kimarekani la miaka ya 1960, iwe Chevelle, GTO, Mustang au Road Runner, na likawa la gia za mkono, ushauri wa kwanza atakaopewa hauhusu breki wala kutu ya chasisi. Ataambiwa: ng'oa mkono wa gia uliokuja na gari kutoka kiwandani, tupa, funga Hurst. Anayemshauri hatatoa sababu, maana haoni haja. Mkono wa kiwandani ni takataka, mkono wa dukani ni dawa. Neno hili limekuwa kanuni, na anayelihoji huonekana mgeni asiyejua magari.

Mimi nalihoji. Naona imani hii imejengwa juu ya matangazo mazuri ya biashara, bushi chakavu, na watu kushindanisha vitu viwili ambavyo mara nyingi vilikuwa kitu kimoja. Sina ugomvi na Hurst. Ni mkono mzuri, na nitataja mahali unapostahili sifa zake zote. Ugomvi wangu ni na hukumu inayotolewa kabla mtu hajalala chini ya gari akatazama.

Tuelewane kwanza tunachozungumzia. Ninaposema mkono wa gia simaanishi ile fimbo ya kromu na kirungu chake peke yake. Namaanisha na kiunzi chake kilichojificha chini ya sakafu, pamoja na rodi zinazotoka humo kwenda kwenye gia boksi. Gia boksi za gia nne za enzi ile, Muncie ya General Motors, T-10 ya BorgWarner, A-833 ya Chrysler, na ile ya Ford iitwayo Top Loader, zote zilikuwa na wenzo zake nje, ubavuni. Rodi moja ilihudumia gia ya kwanza na ya pili, ya pili ikahudumia ya tatu na ya nne, ya tatu ikawa ya rivasi. Kazi ya kiunzi ni kuchagua rodi ipi isogee na kuzizuia nyingine zisisogee pamoja nayo. Hiyo ndiyo mashine yote. Hakuna uchawi ndani yake, wala hakuna sababu ya msingi kwa nini kiwanda cha Detroit kishindwe kuitengeneza na karakana ya Pennsylvania iweze.

Karakana hiyo ya Pennsylvania ndiko alikotokea George Hurst. Mwishoni mwa miaka ya 1950 yeye na mshirika wake Bill Campbell walikuwa wakiwatengenezea vijana wa mbio vifaa vya kufungia injini kubwa katika magari yasiyozaliwa nazo. Kisha wakaingia kwenye mikono ya gia, na wakati wao ulikuwa mzuri. Magari mengi ya Marekani bado yalikuwa na gia tatu na mkono kwenye shingo ya usukani, rodi ndefu zikishuka hadi chini. Aliyetaka mkono wa sakafuni ulio imara, Hurst alimuuzia. Hapo sina la kupinga: palikuwa na pengo, naye akaliziba kwa chuma cha kweli.

Sasa tuje kwenye kile kinachoitwa "cha kiwandani". Mwaka 1964 Pontiac walipotoa GTO, lile gari ambalo wengi hulihesabu kuwa ndilo lililoanzisha zama za magari ya misuli, lilikuwa na injini ya inchi za ujazo 389 yenye nguvu za farasi 325. Gia za kawaida zilikuwa tatu, mkono ukiwa sakafuni. Na mkono huo ulikuwa Hurst. Haukufungwa na muuzaji wala na kijana wa mtaani nyuma ya nyumba yao. Ulifungwa kiwandani, ndani ya bei ya gari. Mwaka uliofuata jina la Hurst likachorwa kwenye fimbo yenyewe, mteja akiliona kila anapoingiza gia. Chevrolet nao wakaingia mkumbo huo: Camaro ya 1969 yenye gia nne ilitoka na Hurst. Chrysler wakafuata, na kufikia 1970 Challenger na Barracuda za gia nne zilikuwa na ile fimbo maarufu yenye mpini wa bastola, chini yake kiunzi cha Hurst. Ford hawakubaki nyuma. Boss 302 ya 1970 ilikuwa na Hurst yenye kishikio cha herufi T.

Kwa hiyo mtu anayesema "Hurst ni bora kuliko wa kiwandani" akiwa amesimama kando ya GTO au Camaro ya 1969, anasema Hurst ni bora kuliko Hurst. Nimesikia maneno hayo yakitamkwa kwa uhakika wa hakimu. Fundi anang'oa Hurst chakavu iliyotoka kiwandani, anafunga Hurst mpya iliyotoka dukani, kisha anatangaza kwamba mkono wa dukani umeushinda wa kiwandani.

Upande wa pili una kichekesho kikubwa zaidi. Mkono unaochukiwa kuliko yote na mashabiki wa Chrysler ni ule uitwao Inland, uliofungwa kwenye magari yao mengi ya gia nne katikati ya miaka ya 1960. Inland ilikuwa nani? Ilikuwa idara ya General Motors huko Dayton, Ohio, ile ile iliyotengeneza bunduki za M1 Carbine kwa wingi wakati wa Vita Kuu ya Pili. Yaani mkono "wa kiwandani" wa Chrysler ulinunuliwa kwa mshindani wake mkuu! Viwanda hivi vilinunua na kuuziana kila kitu, kuanzia kabureta hadi redio. Mstari tunaouchora leo kati ya cha kiwandani na cha nje, wao wenyewe hawakuuheshimu.

Nitaulizwa: je, ile ambayo kweli haikuwa Hurst? Chevelle ya 1966 yenye mkono wa Muncie, Mustang ya 1966, Plymouth yenye Inland. Hizo si zilikuwa zinalegea na kugoma? Zilikuwa, na zinaendelea. Lakini tuangalie zinalegea wapi.

Kila rodi ina ncha mbili, na kila ncha inapita kwenye bushi. Rodi tatu, bushi sita. Nyingi zilikuwa za nailoni. Ziko chini ya gari, karibu na bomba la moshi, zinapigwa na joto, maji ya barabarani, tope na chumvi ya majira ya baridi. Tuseme kila bushi imelika nusu milimita tu. Rodi moja tayari ina milimita moja ya ulegevu. Fimbo nayo ni wenzo: tuseme ina urefu wa inchi 12 juu ya egemeo na inchi 3 chini yake. Ile milimita moja ya chini inafika mkononi ikiwa milimita nne. Ongeza kulika kwa egemeo lenyewe, na kirungu kinacheza kama kimefungwa kwenye uji. Dereva anasema mkono mbovu. Mkono hauna habari.

Fundi anayefunga mkono mpya haufungi peke yake. Anafunga na rodi mpya, bushi mpya, klipu mpya. Akiwa kule chini anagundua mauntini ya gia boksi imekufa, anaibadilisha. Anaongeza oili. Anarekebisha klachi, kwa sababu ameshachafuka tayari. Gari linatoka gereji likiingia gia kama kisu kwenye siagi, na sifa zote anapewa Hurst. Amebadilisha vitu kumi na kushukuru kimoja. Angefunga bushi mpya kwenye mkono ule ule wa zamani, kwa pesa ambayo ni sehemu ndogo sana ya bei ya mkono mpya, asingekuwa na hadithi ya kusimulia, ila gia zingeingia.

Mafundi wetu wanalijua jambo hili bila kufundishwa na mtu. Peugeot 404, ambayo wazee wetu waliipanda kama teksi na gari la familia, ilitoka kiwandani na mkono wa gia kwenye shingo ya usukani, yaani ule mtindo ambao Wamarekani waliona aibu kuwa nao. Modeli hiyo ilishinda Safari Rally ya Afrika Mashariki mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968, kwenye tope na vumbi ambalo halina huruma na chuma. Na ilipozeeka, gia zikaanza kutafutwa kama chaneli za redio, fundi hakumshauri mwenye gari aagize mkono mpya kutoka ng'ambo. Alichonga bushi au alitafuta spea, akapaka grisi, gari likarudi kazini. Umaskini wakati mwingine huzaa utambuzi sahihi wa ugonjwa, kwa sababu mtu asiyeweza kununua suluhisho kubwa hulazimika kutafuta tatizo lenyewe.

Nirudi Marekani. Kuna makosa mengine ambayo mkono wa gia hubebeshwa na hayana uhusiano nao kabisa. Gia inakwaruza ukiingiza ya kwanza gari likiwa limesimama? Tazama klachi kama inaachia sawasawa, na ile bushi ndogo nyuma ya krenki inayoshika ncha ya shafti ya gia boksi. Ikikwama kwenye shafti, shafti huendelea kuzunguka hata klachi ikikanyagwa mpaka mwisho. Gia inaruka kutoka ya tatu kurudi frii ukiachia mafuta? Huenda meno ya ndani yamelika, au nyumba ya klachi haijakaa sawa na injini. Gia ya pili inalia ukiiingiza haraka? Sinkronaiza imechoka. Hakuna mkono wa kununua, wa jina lolote, unaotibu hata kimoja kati ya hivi. Lakini ndiyo spea inayoonekana, inayong'aa, inayoshikwa kwa mkono kila dakika, kwa hiyo ndiyo inayoshtakiwa.

Na kuna kurekebisha, ambako ndiko nadhani vita vyote hivi vingemalizika. Kiunzi cha Hurst cha Competition/Plus kina tundu la kupitishia pini ya robo inchi. Unaweka wenzo zote frii, unapitisha pini, kisha unaongeza au kupunguza urefu wa kila rodi mpaka iingie kwenye wenzo wake bila kulazimishwa. Ukitoa pini, mkono unapita kutoka upande mmoja hadi mwingine bila kukwama. Asiyefanya hivyo, rodi yake moja ikawa ndefu kwa zamu mbili za nati, atakuwa na mkono unaogoma kati ya gia ya pili na ya tatu, hata kama umetoka dukani asubuhi hiyo. Mikono ya kiwandani nayo ilikuwa na utaratibu wake wa namna hiyo, ulioandikwa kwenye vitabu vya matengenezo vya kila kampuni. Ni wangapi waliowahi kuufuata kabla ya kuuhukumu mkono? Hurst mpya hurekebishwa kwa sababu karatasi ya maelekezo imo ndani ya boksi. Mkono wa zamani umeachwa ulivyo tangu enzi za Nixon, halafu tunashangaa unashindwa.

Sasa niseme ukweli wa upande wa pili, maana malumbano yasiyokubali kitu ni kelele. Hurst ina mambo mawili ambayo mikono mingi ya kiwandani haikuwa nayo. La kwanza ni bolti za kikomo, mbele na nyuma. Dereva wa mbio akivuta gia ya pili kwa nguvu zote, fimbo inagonga bolti na kusimama. Bila bolti hizo nguvu ile ingeishia kwenye uma za ndani ya gia boksi, nazo ni chuma chembamba kinachopinda. La pili ni springi inayosukuma fimbo ielekee upande wa tatu na nne, ili mtu anayetoka ya pili kwa haraka asipotee njia. Kwenye robo maili, ambako mbio nzima huisha kwa sekunde chache na gia hubadilishwa mara tatu, mambo haya mawili yana thamani ya dhahabu.

Kuna pia suala la mahali pa kufungia, na hapa baadhi ya Chevrolet zina kosa la kweli. Katika baadhi ya Chevelle na Camaro za kabla ya 1969, kiunzi cha mkono kilifungwa kwenye chuma kinachokatiza chasisi, si kwenye gia boksi. Injini na gia boksi zimekaa juu ya mipira. Ukikanyaga mafuta zinajipinda upande mmoja. Gia boksi inasogea, mkono haujasogea, na rodi zilizo katikati zinavutwa kwa nguvu ambayo dereva hakuikusudia. Hapo hata bushi mpya hazitoshi kwa mtu anayelikimbiza gari lake kikweli. Akifunga Hurst iliyoshikwa kwenye gia boksi yenyewe, sitamlaumu. Inland nayo siitetei kwenye mstari wa mbio. Iliundwa kwa mtu anayekwenda kazini.

Lakini angalia hoja imegeuka. Hatuzungumzii tena kiwanda dhidi ya duka. Tunazungumzia mkono ulioshikwa kwenye gia boksi dhidi ya ulioshikwa pengine, wenye vikomo dhidi ya usio navyo. Corvette ni mfano mzuri. Katika miaka yote hiyo ya dhahabu Corvette haikupewa Hurst kiwandani. L88 ya 1967, ambazo zilitengenezwa 20 tu, zikiwa na injini ya inchi za ujazo 427 iliyokusudiwa mbio na gia boksi ya Muncie M22 ambayo mlio wake uliipa jina la msaga mawe, zilitoka na mkono wa Chevrolet wenyewe. Kama mkono wa kiwandani ni takataka kwa asili yake, basi gari kali kuliko yote la General Motors liliuzwa na takataka, na wanunuzi wake wa leo, wanaolipa mamilioni ya dola, ni wajinga wote.

Imani ilitoka wapi, basi? Kwa sehemu ilitoka kwenye ushindi wa kweli mbele ya watazamaji. Kwa sehemu kubwa zaidi ilitoka kwenye utangazaji, na George Hurst alikuwa bingwa wa utangazaji kuliko alivyokuwa bingwa wa chuma. Kuanzia 1966 Linda Vaughn, aliyepewa cheo cha Miss Hurst Golden Shifter, alizungushwa viwanjani juu ya gari akiwa ameshikilia mfano wa mkono wa gia wa rangi ya dhahabu mrefu kuliko yeye. Niambie ni idara gani ya General Motors iliyowahi kuupamba mkono wake wa gia namna hiyo. Kiwanda kilikuwa kinauza gari zima. Hurst alikuwa anauza fimbo. Ilikuwa lazima ile fimbo ionekane kuwa ndiyo gari.

Wanaotetea imani hii hupenda kumtaja Ronnie Sox wa North Carolina, aliyeitwa Mr. 4-Speed, ambaye kwa Plymouth zake na mshirika wake Buddy Martin aliwatesa wenzake. Mikono yake ilikuwa na kasi ya ajabu, hilo halina ubishi. Lakini waendeshaji wa daraja lake hawakutumia gia boksi kama za kwako. Ndani, sinkronaiza zilitolewa au kupunguzwa kazi na meno yakachongwa upya ili gia iingie kwa kugonga, bila kungoja. Ndani ya gia boksi ya barabarani mambo ni tofauti: pete ya shaba ya sinkronaiza inahitaji kitambo kidogo ilinganishe mwendo wa gia mbili. Hakuna mkono unaoweza kukifuta kitambo hicho. Unaweza tu kukilazimisha, na kinacholipa ni pete.

Hii inanileta kwenye mkono mfupi, ambao husifiwa kwamba "unakata gia haraka". Ufupi haupatikani bure. Ukipunguza mwendo wa fimbo kwa theluthi bila kubadilisha kitu kingine, nguvu inayotakiwa kiganjani inaongezeka kwa nusu, kwa sababu kazi ya kuisukuma ile pete ni ile ile. Anayefurahia mkono mfupi siku ya kwanza atauchukia kwenye foleni siku ya thelathini. Watengenezaji wa kiwandani walijua kwamba gari litaendeshwa na baba mwenye misuli na binti yake anayejifunza, wakachagua mwendo mrefu na mkono mwepesi. Hilo lilikuwa chaguo. Wengi wamelisoma kama uzembe.

Machaguo mengine yao nayo hayaonekani mpaka yapotee. Mikono mingi ya kiwandani ilikuwa na mpira ndani ya fimbo au kwenye maungio, ili mtetemo na mlio wa gia boksi visipande hadi kiganjani. Fimbo bapa ya Hurst ya dukani, iliyofungwa kwa bolti mbili chuma kwa chuma, hupitisha kila kitu. Kuna mwendo fulani ambapo inaimba kama zumari, na mwenye gari anakwambia kwa fahari kwamba huo ndio mlio wa mbio. Mkono wa Muncie ulikuwa na kishikio kidogo chini ya kirungu cha kuvuta juu kabla ya kuingiza rivasi, ili mtu asiiingize kwa bahati mbaya akitafuta ya kwanza. Wengi huking'oa.

Na kuna ile rodi ya nne ambayo karibu kila anayefunga mkono mpya huitupa. Kuanzia magari ya modeli ya 1969, General Motors walihamishia tundu la ufunguo kwenye shingo ya usukani. Kwa gari la gia za mkono, ilibidi uingize rivasi ndipo uweze kufunga usukani na kutoa ufunguo, na rodi maalumu iliunganisha wenzo wa rivasi na shingo hiyo. Ilikuwa kinga dhidi ya wezi, na pia dhidi ya gari kubiringika likiwa limeegeshwa. Mkono wa dukani unafungwa, rodi inaingia kwenye pipa la taka, na mwenye gari anajiona ameboresha.

Sijataja sakafu. Magari haya yana kiti kirefu cha mbele au viti viwili na boksi la katikati, na fimbo ya kiwandani ilipindwa kwa kila mpangilio peke yake. Mkono wa dukani usio na fimbo sahihi hugonga boksi, au kirungu chake hukutana na redio ukiingiza ya tatu. Hapo msumeno hutoka. Bati la sakafu lililokatwa vibaya ndilo jeraha la aibu kuliko yote katika gari la zamani, kwa sababu kila fundi atakayefuata ataliona. Leo gari ambalo vipande vyake ni vile vile lilivyozaliwa navyo huuzwa bei ya juu kuliko ndugu yake aliyebadilishwa. Waliotupa mikono ya Muncie na Inland miaka ya 1970 hawakujua kwamba wajukuu wao wangeitafuta kwa tochi.

Najua jibu la mwisho litakalokuja: kwamba mabishano yote haya ni ya kizee, mtu afunge gia boksi ya kisasa ya Tremec yenye gia tano, mkono ukae juu yake, rodi za nje ziishe kabisa. Sawa. Ni jibu zuri kwa anayesafiri masafa marefu na anataka injini ipumue barabara kuu. Ila aliyechagua hivyo ametoka kwenye shindano letu. Hajathibitisha kwamba Hurst iliushinda mkono wa kiwandani, amewaacha wote wawili sakafuni.

Kwa hiyo wewe uliyenunua gari hili, uwe Minneapolis, Dubai au Muscat, nakuomba kabla hujafungua mkoba. Inua gari, lishikilie kwa stendi imara, lala chini yake. Mwambie mwenzako ayumbishe fimbo, wewe utazame ni wapi panacheza. Badilisha bushi na klipu, kagua mauntini, rekebisha klachi, kisha panga rodi kwa kufuata kitabu cha gari lako, si kwa kubahatisha. Liendeshe mwezi mzima. Kama baada ya hapo unakimbia robo maili, au mkono wako ni wa wale walioshikwa kwenye chasisi na bado unagoma ukikanyaga mafuta, nunua Hurst bila kuona haya, ununue na rodi na fimbo zinazolingana na gia boksi na viti vyako. Na ule wa zamani usiutupe. Upake oili, ufunge kwenye gunia pamoja na rodi zake zote, uandike ulitoka gari gani, uuweke mahali pakavu.